Duke na Carolina: Watani wa Jadi wa Barabara ya Tumbaku

Kutoka Durham hadi Chapel Hill, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, ni mwendo wa kilomita 16 hivi. Barabara inayounganisha miji hiyo ndiyo inayotenganisha vyuo vikuu viwili: Duke, kilichopo Durham, na Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichopo Chapel Hill, ambacho wenyeji hukiita Carolina tu. Timu zao za mpira wa kikapu zimekutana zaidi ya mara 250 tangu mwaka 1920. Kati yao wamegawana mataji 11 ya ubingwa wa taifa wa mashindano ya NCAA, sita ya Carolina na matano ya Duke. Eneo dogo kama hilo halikufika huko kwa bahati. Ukiifuatilia historia ya watani hawa, utaona kwamba karibu kila hatua kubwa aliyopiga mmoja wao aliipiga kwa sababu jirani yake alikuwa ametangulia.

Carolina ndicho kikongwe. Kilipewa hati yake mwaka 1789 na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1795, kikawa chuo kikuu cha kwanza cha umma nchini humo kufungua milango. Duke kilianza kwa unyonge zaidi, kama shule ya kijijini mwaka 1838 katika wilaya ya Randolph. Mwaka 1859 shule hiyo ikawa Trinity College, chuo chenye uhusiano na Wamethodisti, na mwaka 1892 kikahamia Durham baada ya matajiri wa tumbaku kutoa ardhi na fedha. Mmoja wa matajiri hao, Washington Duke, alitoa dola 100,000 mwaka 1896 kwa sharti kwamba wanawake wapokewe sawa na wanaume. Mwanawe, James Buchanan Duke, ndiye aliyekibadilisha chuo kabisa: Desemba 1924 alianzisha wakfu wa dola milioni 40, na Trinity kikachukua jina la ukoo huo. Mashamba na viwanda vya tumbaku ndiyo asili ya jina ambalo waandishi wa michezo wamelipa eneo zima, Barabara ya Tumbaku.

Tofauti hiyo ya asili haijawahi kufutika. Carolina ni mali ya jimbo, na kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1986, kwa miongo kadhaa wanafunzi wake wapya kutoka nje ya jimbo hawakuruhusiwa kuzidi asilimia 18. Duke ni chuo binafsi chenye ada kubwa, na wanafunzi wake wengi hutoka majimbo mengine, yakiwemo ya kaskazini mashariki. Mashabiki wa Carolina wana kejeli ya miaka mingi kwamba Duke ni Chuo Kikuu cha New Jersey kilichopotelea Durham. Wa Duke nao hujibu kwamba jirani yao anaringia ukubwa na umri. Hata rangi ni ugomvi: wote wawili huvaa bluu, Carolina ile ya samawati, Duke ile iliyokolea, na mwenyeji wa jimbo hilo hana ruhusa ya kuzichanganya.

Uhasama wa kwanza wa uwanjani haukuwa wa kikapu. Mwaka 1888 Trinity iliifunga Carolina katika soka la Kimarekani, mchezo uliokuwa bado mchanga Kusini mwa nchi. Baadaye wakuu wa Trinity waliuona mchezo huo kuwa wa vurugu na wakaupiga marufuku kuanzia 1895 hadi 1920. Tangu 1948 mshindi wa mechi yao ya kila mwaka huchukua Kengele ya Ushindi na kuipaka bluu yake. Hata hivyo, soka hilo halikuwahi kuwa kiini cha utani huu. Kiini kilizaliwa tarehe 24 Januari 1920, Carolina ilipoifunga Trinity 36–25 katika mpira wa kikapu.

Kwa miaka 20 iliyofuata mchezo huo ulikuwa wa kupitishia msimu wa baridi. Ishara ya kwanza kwamba kikapu kingekuwa kitu kikubwa ilitoka Duke, ilipofungua ukumbi wake wa michezo tarehe 6 Januari 1940. Inasimuliwa kwamba ramani ya kwanza ilichorwa juu ya kiberiti na kocha Eddie Cameron akiwa na Wallace Wade, kocha wa soka. Hadithi hiyo ni tamu, lakini kazi yenyewe ilifanywa na Julian Abele, msanifu majengo Mweusi wa Philadelphia aliyebuni pia sehemu kubwa ya majengo ya mawe ya Duke, pamoja na kanisa lake maarufu. Wakati anaichora michoro hiyo, mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kusoma katika chuo hicho. Duke haikupokea wanafunzi Weusi hadi 1961 katika masomo ya juu, na 1963 katika shahada ya kwanza. Ilikuwa mwaka 2016 tu ndipo uwanja wa katikati ya chuo ulipopewa jina la Abele. Ukumbi ulishabadilishwa jina mwaka 1972 na kuitwa Cameron. Una nafasi za watu 9,314, na wanafunzi husimama hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni, hivyo mchezaji mgeni anayerusha mpira kutoka nje ya mstari huwa anapumuliwa shingoni.

Aliyewasha moto hasa hakuwa wa Durham wala wa Chapel Hill. Alikuwa Everett Case, kocha aliyetoka Indiana mwaka 1946 na kwenda chuo cha tatu cha jirani, North Carolina State, mjini Raleigh. Case aliwafunga majirani zake mfululizo kiasi kwamba ikabidi kila mmoja atafute dawa. Carolina ilimwajiri Frank McGuire kutoka New York mwaka 1952. Mwaka uliofuata vyuo hivi vyote vilikuwa miongoni mwa saba vilivyoanzisha ligi mpya ya ACC. McGuire alileta wachezaji kutoka mitaa ya kwao New York, na mwaka 1957 timu yake, ikiongozwa na Lennie Rosenbluth, ilimaliza msimu kwa ushindi wa mechi 32 bila kupoteza hata moja. Fainali ya taifa ilichezwa Kansas City dhidi ya Kansas ya Wilt Chamberlain, ikaenda vipindi vitatu vya nyongeza, na Carolina ikashinda 54–53. Kuanzia hapo kikapu kilikuwa mchezo wa kwanza wa jimbo hilo.

Duke ikajibu mwaka 1959 kwa kumchukua Vic Bubas, aliyekuwa msaidizi wa Case. Silaha ya Bubas ilikuwa kuwatafuta vijana wenye vipaji mapema kuliko wenzake, na windo lake la kwanza kubwa lilichukuliwa kutoka mdomoni mwa jirani. Art Heyman, kijana wa Long Island, New York, alikuwa ameshaahidi kwenda Carolina, akageuka na kwenda Duke. Long Island ndiko alikotoka pia Larry Brown, aliyebaki na ahadi yake kwa Carolina. Vijana hawa wawili wa Kiyahudi walifahamiana tangu ujanani. Walipokutana Durham tarehe 4 Februari 1961, Heyman alimchezea Brown faulo katika dakika za lala salama, Brown akajibu kwa ngumi, na ndani ya muda mfupi benchi zote na mashabiki walikuwa uwanjani hadi polisi walipoingilia. Duke ilishinda 81–77. Ligi iliwafungia Heyman, Brown na Donnie Walsh wa Carolina mechi zote za ligi zilizosalia msimu huo. Tangu usiku ule, mechi baina yao haikuwa tena mechi ya kawaida.

McGuire aliondoka mwaka huohuo, chuo chake kikiwa kimeadhibiwa kwa makosa ya usajili wa wachezaji. Nafasi yake ilichukuliwa na msaidizi wake mwenye umri wa miaka 30, Dean Smith. Hakupokewa kwa shangwe. Januari 1965, baada ya kipigo kutoka Wake Forest, wanafunzi wake wenyewe walitundika sanamu yake mtini. Siku chache baadaye timu yake ikaifunga Duke nyumbani kwa Duke. Smith aliendelea kuwa kocha hadi 1997.

Huwezi kumweleza Smith kwa ushindi wake pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa bado msaidizi, aliingia na mchungaji wake na mwanafunzi Mweusi wa theolojia katika mkahawa wa Chapel Hill uliokuwa wa Wazungu tu, wakahudumiwa. Mwaka 1966 alimleta Charlie Scott, mwanamichezo wa kwanza Mweusi kupewa ufadhili wa masomo Carolina. Duke ilikuwa imempokea C.B. Claiborne mwaka mmoja kabla, mchezaji wake wa kwanza Mweusi, ambaye Februari 1969 alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioliteka jengo la utawala wakidai haki za wenzao. Mwezi uliofuata, katika fainali ya ACC mjini Charlotte, Scott alifunga pointi 40, nyingi zikiwa za kipindi cha pili, na Carolina ikatoka nyuma kuifunga Duke 85–74. Ngome mbili za Wazungu wa Kusini zilikuwa zimeshapata mashujaa Weusi, ingawa waliotangulia walilipa gharama ya upweke ambayo matokeo ya mechi hayawezi kuionyesha.

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970 Duke ilikuwa dhaifu, lakini mechi mbili za kipindi hicho bado husimuliwa. Tarehe 2 Machi 1974, Chapel Hill, Duke iliongoza 86–78 zikiwa zimebaki sekunde 17. Wakati huo hakukuwa na mtupo wa pointi tatu. Bobby Jones alifunga mitupo huru miwili. Carolina ikaunasa mpira, John Kuester akafunga. Duke ikaupoteza tena, Jones akafunga. Mchezaji wa Duke akakosa mtupo huru ambao ungemaliza kazi, na Walter Davis, aliyekuwa mwaka wake wa kwanza chuoni, akaupeleka mpira kutoka mbali sana, ukagonga ubao na kuingia. Katika muda wa nyongeza Carolina ilishinda 96–92.

Ya pili ilichezwa Durham tarehe 24 Februari 1979, na ilikuwa kinyume kabisa. Smith alipenda mbinu ya pembe nne, ambayo wachezaji wake walitandaza uwanja na kuzungusha mpira bila kushambulia ili kuwalazimisha wapinzani watoke ngomeni. Duke haikutoka. Kipindi cha kwanza kikaisha 7–0 kwa Duke; Carolina ilikuwa imejaribu mitupo miwili tu. Mmoja haukugusa hata chuma, na wanafunzi wa Duke wakauzomea kwa wimbo ambao leo husikika katika kumbi zote za kikapu Marekani. Kipindi cha pili timu zilicheza sare ya 40 kwa 40, hivyo Duke ikashinda 47–40. Wiki moja baadaye Carolina ililipiza kisasi katika fainali ya ACC, 71–63. Kucheza kwa kuzubaisha mpira namna hiyo kulichosha watazamaji wa televisheni, na kuanzia msimu wa 1985–86 vyuo vyote vya Marekani viliwekewa saa ya sekunde 45 za kushambulia.

Mwaka 1980 Duke iliajiri kocha wa miaka 33 kutoka chuo cha jeshi, Mike Krzyzewski, ambaye jina lake liliwashinda hata watangazaji. Mwanzo wake ulikuwa mgumu, na jirani aliuzidisha ugumu. Smith alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982, mtupo wa ushindi ukifungwa na kijana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Michael Jordan, ambaye Krzyzewski naye alikuwa amejaribu kumsajili. Msimu huo Duke ilishinda mechi 10 na kupoteza 17. Uliofuata, 11 na 17. Wafadhili walitaka afukuzwe. Mkurugenzi wa michezo, Tom Butters, alikataa, na badala yake akamwongezea mkataba mwaka 1984. Msimu huohuo, baada ya kufungwa na Carolina nyumbani, Krzyzewski alilalamika hadharani kwamba waamuzi walikuwa na sheria moja ya Smith na nyingine ya wengine wote. Wengi waliona ni utovu wa adabu kwa mzee. Miezi miwili baadaye aliitoa Carolina ya Jordan katika nusu fainali ya ACC, 77–75.

Usawa ulikuwa umepatikana. Tarehe 18 Januari 1986 Carolina ilifungua ukumbi mpya wa watu zaidi ya 21,000 uliopewa jina la Smith akiwa bado kazini, na mgeni wa kwanza alikuwa Duke. Timu zote mbili zilikuwa hazijafungwa msimu huo. Carolina ilishinda 95–92. Mwaka huohuo, wanafunzi wachache wa Duke walipiga mahema nje ya ukumbi wa Cameron wakisubiri marudiano. Tangu hapo kila msimu huota kijiji cha mahema, kwa jina Krzyzewskiville, ambacho wakazi wake hulala nje wakati wa baridi kwa wiki kadhaa, wakiwa na kanuni zao na ukaguzi wa usiku wa kuhakikisha hakuna aliyetoroka kwenda kulala bwenini.

Kilele cha ushindani wa makocha hawa wawili kilikuwa miaka mitatu ambayo taji la taifa halikutoka katika zile kilomita 16: Duke ilitwaa mwaka 1991 na 1992, Carolina mwaka 1993. Duke ya 1992, iliyokuwa haijafungwa, ilianguka Chapel Hill tarehe 5 Februari kwa 75–73, usiku ambao Eric Montross wa Carolina alipiga mitupo huru huku damu ikimchuruzika usoni. Na wakati mwingine utani haukuhitaji timu mbili bora. Mwaka 1995 Krzyzewski alikuwa mgonjwa wa mgongo na timu yake ilikuwa hoi, lakini ilipokutana na Carolina, Jeff Capel aliurusha mpira kutoka karibu na nusu ya uwanja kipenga kikilia na kuuingiza, ikawa 95–95 na kipindi cha pili cha nyongeza. Carolina ilishinda 102–100, na mtupo wa Capel, wa timu iliyofungwa, ndio unaokumbukwa zaidi.

Smith alistaafu Oktoba 1997 akiwa na ushindi wa mechi 879, rekodi ya wakati huo. Baada ya miaka kadhaa ya kuyumba, Carolina ilimrudisha nyumbani msaidizi wake wa zamani, Roy Williams, mwaka 2003, naye akatwaa ubingwa 2005, 2009 na 2017. Krzyzewski alijibu kwa 2010 na 2015, juu ya ule wa 2001. Upande wa wanawake, Carolina ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1994 kwa mtupo wa sekunde ya mwisho wa Charlotte Smith.

Kipindi hicho kina doa ambalo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulifahamu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 wa Carolina, karibu nusu yao wanamichezo, walipata alama katika madarasa yasiyofundishwa, yaliyosajiliwa kupitia idara ya masomo ya Afrika na Wamarekani Weusi. Baadhi yaliorodheshwa kuwa masomo ya Kiswahili. NCAA ilimaliza shauri hilo Oktoba 2017 bila kukiadhibu chuo, kwa hoja kwamba madarasa hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Lugha inayofundishwa kwa bidii katika vyuo vingi vya Marekani ilikuwa imetumiwa kama njia ya mkato, na aibu hiyo ni ya waliofanya hivyo, si ya lugha wala ya taaluma.

Smith alifariki tarehe 7 Februari 2015. Katika wosia wake alimwachia kila mchezaji aliyewahi kumfundisha dola 200 za kwenda kula chakula cha jioni. Siku 11 baada ya kifo chake, kabla ya mechi ya Durham, makocha na wachezaji wa timu zote mbili walipiga magoti kwa pamoja katikati ya uwanja wakiwa wameshikana mabega. Duke ilishinda 92–90 katika muda wa nyongeza. Katika mechi iliyofuata, dhidi ya Georgia Tech, Carolina ilianza shambulizi lake la kwanza kwa pembe nne.

Wakati huo mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika. Sheria ya NBA iliyoanza kutumika mwaka 2006, inayomtaka mchezaji afikishe miaka 19, iliwafanya vijana bora wapite chuoni kwa msimu mmoja tu, na Duke ikawa kimbilio lao. Maarufu kuliko wote, Zion Williamson, alicheza mechi yake ya kwanza na Carolina tarehe 20 Februari 2019 mbele ya Barack Obama. Sekunde 36 tu baada ya kuanza kiatu chake kilipasuka, akaumia goti, na Carolina ikashinda 88–72.

Krzyzewski alitangaza kwamba msimu wa 2021–22 ungekuwa wake wa mwisho. Carolina, chini ya kocha mpya Hubert Davis, ilikwenda Cameron tarehe 5 Machi 2022 kwenye sherehe ya kumuaga, mbele ya wachezaji wake wengi wa zamani, ikaiharibu kwa 94–81. Kisha likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea: mashindano ya NCAA yaliwakutanisha majirani hawa kwa mara ya kwanza, tena katika nusu fainali, New Orleans, tarehe 2 Aprili. Uongozi ulibadilika mikono mara nyingi hadi Caleb Love alipofunga pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 30. Carolina ilishinda 81–77, kisha ikafungwa na Kansas katika fainali. Krzyzewski aliondoka na ushindi wa mechi 1,202, mwingi kuliko wa kocha yeyote wa daraja la kwanza la wanaume, na mechi yake ya mwisho ikiwa kipigo kutoka kwa jirani.

Jon Scheyer, mchezaji wake wa kikosi cha 2010, alirithi kiti. Katika timu yake ya 2024–25 alikuwemo Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda kama mkimbizi, akifuata nyayo za Luol Deng, mzaliwa wa nchi hiyohiyo, aliyeichezea Duke msimu wa 2003–04. Duke iliifunga Carolina mara tatu msimu huo. Ya tatu, nusu fainali ya ACC mjini Charlotte, Duke iliongoza kwa pointi 24, Carolina ikazila zote isipokuwa moja, na sekunde nne kabla ya kipenga ikaingiza mtupo huru wa kusawazisha. Waamuzi waliufuta, kwa sababu mchezaji mmoja wa Carolina aliingia ndani ya mstari kabla ya wakati. Matokeo yakawa 74–71.